Nyuso za Thuwein

Picha ya kwanza kurudishwa bila ya uso ilikuwa ya mwanamke anayechambua karafuu. Aliyeinunua, mwenye hoteli mmoja wa Unguja, aliirudisha dukani kwa Sameer, muuza picha, ikiwa imefungwa shuka, akaifungua juu ya meza na kusema neno moja tu: "Tazama." Kanga ilikuwapo, nyekundu na nyeusi zake zimekolea kama siku ya kwanza. Jamvi lilikuwapo, karafuu zilikuwapo, hata kivuli cha ungo kilikuwapo. Lakini pale penye uso palibaki doa jeupe, kama ukuta uliochujuka kwa mvua, na mikono nayo ilikuwa imeanza kwenda.

Sameer alidhani picha imewekwa juani, au mfanyakazi wa hoteli kaisugua kwa sabuni. Kisha ikarudi ya pili, ya bibi anayesuka ukili, naye hana uso. Ikarudi ya watoto wa chuo cha Kurani, safu nzima ya kofia na buibui zisizo na watu ndani yake. Wote waliozileta walikuwa na hasira, na wengine wakaanza kusema kwamba hizo si kazi za Thuwein bin Talib hata kidogo, ni za kughushi. Na wapo walionong'ona kuhusu majini. Sameer hakujali majini. Neno kughushi ndilo lililomnyima raha, kwa sababu Thuwein alikuwa ami yake, ndugu wa baba yake, na picha zote zilitoka mkononi mwa marehemu mwenyewe, nyumbani kwake Mtambile, Pemba, moja kwa moja hadi dukani.

Hapo ndipo alipomwendea Asya Jabir.

Asya alikuwa mkemia, mzaliwa wa Chokocho. Alisomea ughaibuni, hadi shahada ya udaktari, namna ya kuchunguza picha bila ya kuziharibu: rangi imetengenezwa kwa nini, imepakwa juu ya nini, ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Aliporudi nyumbani hakukuta mtu mwenye picha za kuchunguzwa, basi akaajiriwa maabara, akawa anapima maji ya visima na mafuta ya kupikia. Sameer alipomweleza shida yake, Asya alihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya kuitwa kwa jina la mwingine kwa miaka. Alichukua likizo, akaazima kifaa cha kupimia madini, akafungasha hadubini ndogo na taa zake, akavuka kwenda Pemba.

"Nataka jibu moja tu, daktari," Sameer alimwambia wakati wa kuagana. "Kitu gani kimezila nyuso za ami yangu, na tutazirudishaje."

*

Mjane wa Thuwein, Bi Zuweina, alimpokea mlangoni mwa nyumba ya mawe iliyo nyuma kidogo ya maduka ya Mtambile, mahali ambapo familia ya mumewe ilikuwa na mashamba zama zile na sasa imebaki na nyumba, kisima na mikarafuu michache. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake.

"Shikamoo, Bi Zuweina."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Wa Chokocho, nimeambiwa. Wa nani Chokocho?"

Asya akajieleza, wa Jabir Masika, mama yake fulani binti fulani, mpaka Bi Zuweina akampata mtu mmoja ndani ya nasaba anayemfahamu, akaridhika. Hapo tena Asya hakuwa mgeni. Alipewa chumba cha uani, akapewa chai, na baada ya chai akafunguliwa chumba alichokuwa akifanyia kazi marehemu.

Harufu ndiyo iliyomshika kwanza. Si ile harufu ya rangi ya mafuta anayoijua, bali karafuu, nzito, ya moto, kana kwamba mtu kaumwa na jino katika kila pembe ya chumba. Picha zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyingi. Akazigeuza moja moja. Nyumba, minazi, mabao ya kusukumia chapati, visima, ng'ombe. Na watu, watu wengi, karibu wote bila ya nyuso.

Jambo jingine akaliona bila ya kifaa chochote. Chumba kilikuwa na unyevu, kuta zimeota ukungu mweusi hadi kiunoni, lakini juu ya picha hapakuwa na ukungu hata chembe.

"Akitia mafuta ya karafuu," Bi Zuweina alisema, amesimama mlangoni. "Katika kila rangi. Nikimwambia, Thuwein, nyumba inanuka kama kwa daktari wa meno. Akinijibu hivyo hazitaota kuvu, na rangi haitakauka mbio, itamngojea."

Asya alitabasamu, akaandika. Siri moja imepatikana kabla hata ya kufungua begi. Alifikiri kazi itakuwa nyepesi.

*

Kifaa cha kupimia madini kina umbo la mashine ya kukaushia nywele. Unakielekeza kwenye rangi, unabana, na baada ya muda mfupi kinakwambia ndani mna nini: chuma, shaba, risasi, zinki. Hakigusi wala hakikwaruzi. Asya alianza na picha ya wanawake kisimani. Kwenye kanga nyekundu kilimwambia chuma. Ni udongo mwekundu, ule ule wa njiani, uliochujwa na kusagwa. Kwenye kanga ya njano kikamwambia kromi; rangi ya dukani, njano kali, ya kudumu. Kwenye anga, rangi ya dukani tena. Yote yalikuwa na maana.

Akakielekeza kwenye uso. Kikamwambia chokaa.

Akarudia. Chokaa. Akahamia uso wa pili, na mkono, na shingo ya mtoto kwenye picha nyingine. Chokaa, chokaa, basi. Hapakuwa na chuma wala kromi wala chochote kinachoweza kutoa rangi ya ngozi ya mtu.

Asya alikaa juu ya kigoda akikitazama kifaa kama mtu aliyejibiwa upuuzi na mtu mzima. Kama uso ulikuwa umefutwa, basi angekuta mabaki. Kama ulikwaruzwa, angeona michubuko, na chini ya hadubini turubai ilikuwa salama kabisa, michirizi ya brashi ingali pale pale, ikizunguka mashavu, ikishuka kwenye pua. Mkono wa mchoraji ulikuwapo. Rangi yake ndiyo iliyoondoka. Je, mtu anaweza kupaka uso kwa chokaa tupu, uonekane kama uso kwa miaka, kisha ugeuke kuwa chokaa?

Alasiri alipompigia Sameer, hakuwa na la kusema ila hilo.

"Chokaa? Ya ukutani?"

"Chokaa tu. Sijaelewa bado."

"Daktari, mimi nimekutuma wewe uelewe."

*

Jirani wa Bi Zuweina, Mwalimu Silima, alikuwa amefundisha chuo cha Kurani pale Mtambile mpaka macho yalipomchoka. Alikuwa rafiki wa Thuwein tangu utotoni. Alipopata habari kuwa amekuja mtoto wa Chokocho kuchunguza picha, alikuja barazani baada ya sala ya alasiri, akakaa, akaagiza kahawa kana kwamba ni kwake.

"Wasumbuka bure, binti yangu," alimwambia Asya. "Hizo nyuso hazikuharibika. Zimefanya alichozitaka zifanye."

"Una maana gani, Mwalimu?"

"Thuwein alikuja kwangu mwaka mmoja, kaumwa homa kubwa, katoka humo kaingiwa na hofu. Kaniuliza, Silima, siku ya kiama mwenye kuchora sura ataambiwa azitie roho, nami sina roho ya kutia. Nikamwambia, chora miti, chora nyumba, nani kakukataza? Kakaa bila ya kuchora muda mrefu. Kisha siku moja kaja hapa hapa anacheka. Kaniambia, nimepata. Nitachora sura zitakazokufa. Nikifika huko nitasema, Mola wangu, nyuso zangu zimekufa kama mimi, hakuna hata moja ya kuniuliza." Mwalimu Silima alipuliza kahawa yake. "Wallahi, ndivyo alivyosema. Basi weye waja na mashine kuzifufua."

Asya hakuwa ameliwaza hilo. Alikuwa amewaza sabuni, jua, chumvi ya bahari, rangi mbovu. Hakuwaza kwamba mtu anaweza kuchagua rangi kwa sababu inakufa.

Lakini nyuma ya mlango Bi Zuweina alikuwa akisikia, akatoka na sauti yake nzito.

"Mwalimu, mche Mungu. Uso wa kwanza ulipopotea, wa jirani yetu marehemu Mwatum, ulikuwapo weye? Thuwein kalia! Kakaa chini pale sakafuni kalia kama mtoto. Mtu hulilia alichokipanga mwenyewe?"

"Labda alilia kwa kuwa kimetimia."

"Labda," alisema Bi Zuweina, "ndilo neno lenu nyote mlokuja kuniambia mume wangu alikuwa nani."

Asya hakujua amtazame nani.

*

Kesho yake alifunga madirisha ya chumba cha kazi, akatundika blanketi kwenye mlango ili mwanga wa uani usipenye, akawasha taa ya zambarau, ya aina ile wenye maduka wanayomulikia noti. Ilikuwa ni desturi ya kazi tu. Vitu vingine visivyoonekana mchana hung'aa chini ya taa hiyo. Hakutarajia mengi.

Akaimulika picha ya kisimani, na wanawake wakamtazama.

Asya alirudi nyuma akagonga kigoda. Nyuso zote zilikuwa zimerudi, rangi ya njano iliyochanganyika na kijani, kama maganda ya ndimu, hafifu, lakini kamili: macho yaliyofinywa na jua, mdomo wa mmoja umefunguka nusu kama anamjibu mwenziwe, alama ndogo ya kidonda juu ya nyusi. Akasogeza taa kwenye picha ya pili, wakatokea. Kwenye ya tatu, wakatokea. Chumba kizima kilikuwa kimejaa watu, na yeye alikuwa ameshinda nao siku nzima bila ya kujua.

"Bi Zuweina!" aliita. "Bi Zuweina, hebu njoo!"

Bi Zuweina aliinua blanketi, akaingia, akasimama. Kisha akaanza kutaja, polepole, akinyoosha kidole bila ya kugusa.

"Huyo Khairat, wa Shumba, aliyeolewa hapa. Kafa kwa uzazi. Huyo mwanawe mkubwa. Huyo Mwatum mwenyewe, mtazame, alivyokuwa haachi kusema hata akichorwa. Huyu…" Akasita. "Huyu nimemsahau, na sura naijua. Ya Rabbi, sura naijua."

Asya alimsogezea kigoda akakaa.

"Bi Zuweina, hiki kinachong'aa si madini. Ni kitu cha mmea. Nadhani ni manjano."

"Manjano ya mchuzi?"

"Ndiyo. Na chokaa. Manjano ukiyachanganya na chokaa huwa mekundu, kahawia, unaweza kupata kila rangi ya ngozi. Ndiyo maana mashine iliniambia chokaa tu, manjano haiyaoni. Lakini hayapendi mwanga, huchujuka mpaka yakabaki chembe zinazoonekana kwa taa hii tu. Na hiyo chokaa huyamaliza upesi zaidi."

Alitegemea Bi Zuweina ashangae. Bi Zuweina alimtazama kama aliyeambiwa kuwa maji ni majimaji.

"Chokaa ya tambuu," alisema. "Akinichukulia kijaluba changu cha kutilia tambuu. Manjano nikimsagia miye, akiyaloweka ndani ya mafuta ya karafuu. Mbona hukuniuliza?"

"Sikujua la kuuliza."

"Nilimwambia, hayo ni singo. Mwari tukimsinga kabla ya arusi twampaka manjano na liwa, apate kung'aa. Akanijibu, ndiyo, Zuweina, ngozi ipakwe cha ngozi. Kanga ni kitu cha dukani, basi ipakwe rangi ya dukani. Ng'ombe, kisima, vyote vipakwe vyao. Lakini mtu akipakwa rangi ya kopo huwa kopo." Alicheka kidogo. "Ndiyo siri yenyewe. Hapana homa wala kiama."

Asya alitoka nje, akasimama uani kwenye jua akipepesa macho. Sasa alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na pande mbili zisizokaa pamoja. Kwa Mwalimu Silima, Thuwein alichagua rangi inayokufa kwa sababu alizihofia sura. Kwa Bi Zuweina, aliichagua kwa kuwa aliipenda ngozi, na kufa kwa rangi hiyo kulimliza. Mashine inaweza kusema manjano. Haiwezi kusema kwa nini.

Hata hivyo, alifikiri, kuna njia ya kujua. Kama hakujua kwamba manjano huchujuka, basi baada ya uso wa kwanza kupotea angeacha kuyatumia. Kama alijua na akakusudia, angeendelea kuyatumia na kuziacha zife. Picha za mwisho zitasema.

*

Alichukua picha moja ya miaka ya mwisho ya Thuwein, ya mzee akinyoa ndevu mbele ya kioo, akaomba ruhusa, akatoa chembe ya rangi pembeni ya shavu, ndogo kuliko ufuta. Akaizamisha kwenye gundi angavu, ikakauka, akaikata, akaiweka chini ya hadubini iliyoungwa na kompyuta yake.

Kwa kukatwa hivyo, rangi huonekana kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka, kama manda za sambusa. Asya alitegemea tabaka moja la manjano, au hakuna. Aliona manjano yaliyopauka, na juu yake mstari mwembamba wa vumbi. Juu ya vumbi, manjano tena, yamepauka kidogo. Vumbi tena. Manjano tena, haya bado yana rangi hafifu, ya kuonekana kwa hadubini tu.

Akaangalia kwa muda mrefu. Akatoa chembe kutoka picha nyingine. Vilevile.

Thuwein alizipaka nyuso, akaziona zikipotea. Vumbi likakaa juu yake, maana yake muda ulipita, pengine miaka. Kisha akarudi, akazipaka upya. Na kopo la njano ya kudumu lilikuwa mezani kwake, Asya alilipima mwenyewe kwenye kanga za picha hizo hizo, lakini usoni hakulitumia. Alirudia manjano yale yale. Zikapotea tena. Akarudi tena.

Kama alizitaka zife, mbona alizipaka upya? Kama alizitaka ziishi, mbona kwa kitu anachojua kitakufa?

Jioni aliwaonyesha Bi Zuweina na Mwalimu Silima kile kioo cha kompyuta barazani, akawaeleza. Kila mmoja alikitazama na kila mmoja akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Si nilikwambia?" alisema Mwalimu Silima. "Hakuthubutu kutumia rangi ya kudumu. Kamwogopa Mola wake mpaka mwisho."

"Si nilikwambia?" alisema Bi Zuweina. "Hakuweza kuachana nao. Singo hupakwa mara moja? Ikishuka hupakwa tena."

"Lakini hamuwezi nyote wawili kuwa na haki!" Asya alisema, na sauti ilimtoka kwa ukali asioutaka. Akaomba radhi.

Mwalimu Silima hakukasirika. "Binti yangu," alisema, "miye nilikuwa naye asubuhi, huyu bibi alikuwa naye usiku. Labda wala hakuwa mtu mmoja."

Halikumsaidia Asya kitu.

*

Sameer alikuja mwenyewe mwisho wa wiki. Asya alikuwa amempigia kumweleza manjano, naye akafurahi sana, akaja na wazo lake tayari. Alimbusu mkono mke wa ami yake, akakaa, akasema:

"Kama taa yako inaonyesha nyuso zote, basi kazi imekwisha. Tunazipiga picha chini ya taa. Ninaye mchoraji mzuri mjini. Atazifuata mstari kwa mstari, kwa rangi ya kudumu. Na wewe, daktari, utaandika ripoti kwamba ami yangu alitumia rangi hafifu kwa kutojua. Kosa la ufundi. Watu wataelewa kosa."

"Alijua," Asya alisema.

"Nani kakwambia?"

"Tabaka za rangi. Alijua, na akarudia zaidi ya mara moja."

"Basi kwa nini?"

"Sijui."

Sameer alimtazama kama vile Asya alivyokitazama kifaa kile siku ya kwanza. "Umekaa hapa siku zote hizi, una mashine, una hadubini, una taa, na unaniambia hujui?"

"Najua alichofanya. Kwa nini, sijui. Siwezi kuandika kwamba alikosea, na siwezi kuandika kwamba alikusudia zife. Nitaandika nilichokiona."

"Na mnunuzi atafanya nini na alichokiona Asya Jabir?"

Sehemu moja ya Asya ilikubaliana na Sameer. Amesomea kuhifadhi, kazi yake nzima ni kuzuia vitu visipotee, na hapa ana nyuso za watu waliokufa mikononi mwake, na njia ya kuziweka. Lakini hakuweza kukubali brashi ya mtu mwingine ipite juu ya mdomo wa Mwatum.

Bi Zuweina aliinuka akaingia chumbani kwake. Walisikia kufuli ya sanduku. Alirudi na kitu kilichoviringwa ndani ya kitambaa cheusi cha buibui kuukuu, akampa Asya. "Basi tazama na hii. Ni miye mwenyewe."

Ilikuwa picha ndogo, ya mwari aliyekaa kwenye mkeka, hina mikononi, kichwa kimeinama kidogo. Na uso ulikuwapo. Mzima, wa rangi ya asali iliyoiva, wenye wekundu mashavuni, wa kijana asiyejua ayaweke wapi macho yake. Baada ya siku zote za madoa meupe, Asya alihisi kama mtu mwingine kaingia mle ndani.

Sameer alisogea. "Hii hakutumia manjano! Unaona? Alipotaka, alijua kutumia rangi nzuri. Kampakia mkewe ya kudumu!"

Na Asya naye, lazima isemwe, alitaka iwe hivyo. Ingekuwa jibu zuri. Alikwenda nayo chumba cha kazi, Bi Zuweina na Sameer nyuma yake, akaipima kwa kifaa. Chokaa. Akafunga dirisha, akaimulika kwa taa ya zambarau, na uso ukawaka njano kali mpaka kuta zikapata rangi. Ni manjano yale yale, chokaa ile ile ya tambuu. Haikuwa na tofauti yoyote na nyingine, ila kwamba miaka yote hiyo imeishi gizani.

"Kwa nini uliificha, Bi Zuweina?"

"Sura ya mke haitundikwi ukumbini. Nikaitia sandukuni. Baadaye, zile nyingine zilipoanza kwenda, nikaogopa kuitoa." Alisogea karibu, akaitazama taa. "Hiyo taa yako. Nayo ni mwanga. Inamla?"

Asya alihisi uso wake mwenyewe ukipata moto. "Inamla," alisema. "Kidogo sana. Lakini inamla." Akaizima haraka, wakabaki gizani wakisikiana pumzi.

"Kwa hiyo hata kumtazama ni kumpunguza."

"Ndiyo, bibi."

Alitegemea mama huyo aichukue picha na kuirudisha sandukuni. Tayari Asya alikuwa akipanga namna ya kumshauri: kitambaa kisicho na asidi, kasha lisilopitisha mwanga. Bi Zuweina alifungua dirisha mwenyewe. Mchana ukaingia wote kwa pamoja.

"Nitundikie chumbani kwangu," alisema. "Mbele ya kitanda."

"Chumba chako kinapata jua la asubuhi, Bi Zuweina. Itapotea."

"Baada ya muda gani?"

"Sijui. Miaka michache. Pengine pungufu."

"Miye nina miaka mingapi iliyobaki, mwanangu? Nimemfungia humo tangu ujana wangu, nimemwona mara za kuhesabika. Ninamwekea nani? Sameer?" Akamgeukia mtoto wa shemeji yake bila ya ukali. "Weye za dukani ni zako, fanya unavyoona. Hizi za humu ndani hakuna atakayezigusa kwa rangi ya kopo mpaka nife."

Chumbani mwa Bi Zuweina, Asya alisimama na nyundo aliyopewa, akijua kwamba kila alichosomea kinamkataza. Aliupiga msumari ukutani huku akijiuliza kama anafanya wema au anaharibu, akaitundika picha ikakaa sawa. Mwari alitazama chini, kwenye kitanda cha mwanamke mzee. Bi Zuweina aliketi, akamtazama mpaka Asya na Sameer wakaona haya, wakatoka.

*

Asya aliandika ripoti yake kama alivyosema: mafuta ya karafuu, udongo, rangi za dukani, manjano na chokaa, tabaka na vumbi. Mwisho akaandika kwamba sababu ya mchoraji kurudia manjano haijulikani, na kwamba mashahidi wawili wanaoaminika wametoa sababu mbili zinazopingana. Mkuu wake wa maabara alimshauri aufute mstari huo. Hakuufuta.

Baada ya muda Sameer alimtumia picha kwa simu. Alikuwa ameipeleka ile ya mchambuaji karafuu kwa mchoraji wake, na uso umerudishwa kwa rangi ya kudumu. Ulikuwa uso mzuri, umepakwa kwa ustadi, macho mahali pake, mdomo mahali pake. Asya aliukuza kwa vidole, akautafuta. Aliporudi Unguja alikuwa ameuona uso ule chini ya taa, dukani kwa Sameer, na aliujua. Huyu alikuwa mwanamke mwingine, mtu yeyote, wa popote. Mwenye hoteli kaipokea, Sameer aliandika, na kafurahi. Asya alifikiri sana ajibu nini, na mwisho akajibu: "Nimeiona."

Msimu wa karafuu ulipofika alikwenda Chokocho kuwaona wazee wake, na siku moja akapita Mtambile. Bi Zuweina alikuwa amelala, homa ndogo tu, alisema, na akamwita chumbani. Picha ilikuwa pale pale. Jua lilikuwa limeshaanza kazi: shavu la upande wa dirishani limepauka, na hina ya mikono, iliyopakwa kwa udongo, sasa ilionekana imekolea kuliko mikono yenyewe.

"Kapungua?" aliuliza Bi Zuweina kutoka kitandani. "Miye namwona kila siku, sitambui."

Asya alisogea karibu. Aliangalia kwa macho yake tu. Hakuja na kifaa chochote.

"Kapungua kidogo, bibi."

"Na manjano yapo jikoni," alisema Bi Zuweina. Alikohoa, akavuta shuka. "Nimeshawaza, nimwite mtu ampake tena? Au nimwache? Weye umesoma. Ungekuwa miye, ungefanya nini?"

Asya alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Wallahi sijui, Bi Zuweina."

"Wala miye," alisema mama yule, na akampa nafasi zaidi akae vizuri. "Basi kaa. Tumtazame."